Gugu maji: hongo mpya katika njia ya dagaa

MFANYABIASHARA wa dagaa mjini Tabora hulala mbali na maji. Kutoka Kitete hadi mwalo wa Kirumba, Mwanza, ni safari ya zaidi ya kilometa 300. Kwenda Kigoma kwa reli ni takriban kilometa 400. Hata hivyo, bei anayoipanga mezani kwake kila asubuhi huanzia huko majini, na mara nyingine hupandishwa na kitu ambacho hajawahi kukiona: jani la kijani lenye ua la zambarau, linaloelea na kuziba njia ya mitumbwi.

Jani hilo ni gugu maji. Kwa zaidi ya miaka 30 limekuwa likija na kuondoka katika Ziwa Victoria, na kila linapokuja hudai malipo yake. Katika njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, mwenye mali alilipa hongo kwa mtawala wa kila nchi aliyopita. Ilikuwa mzigo, lakini ilitarajiwa kabla ya safari. Hongo ya gugu maji haina kiwango wala risiti, na wengi huilipa bila kujua wanamlipa nani.

Makala haya yanaeleza jinsi mmea huo unavyofunga maji, jinsi unavyoingia katika bei ya kiroba cha dagaa, na kwa nini mtu wa Tabora mwenye mtaji mdogo anapaswa kuyaangalia kwa jicho kali mabwawa ya Igombe na Kazima.

MGENI KUTOKA AMAZON

Asili ya gugu maji ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Lilisambazwa duniani na watu waliolipenda kwa ua lake. Hapa nchini lilionekana kwanza katika miaka ya 1950 kwenye mito Sigi na Pangani. Katika Ziwa Victoria liligunduliwa mwaka 1989 na kuendelea, na sehemu kubwa ya mbegu na mimea hiyo iliteremka kwa mto Kagera kutoka Rwanda na Burundi.

Nguvu ya gugu hili ni kuzaana. Mmea mmoja hutoa vikonyo vinavyoota mimea mingine pembeni, na penye joto na maji machafu yenye mbolea, eneo lililofunikwa huweza kuwa maradufu kwa muda wa wiki moja au mbili. Aidha, mbegu zake huzama kwenye tope na kubaki hai kwa miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo bwawa linaloonekana safi leo laweza kuwa na deni chini ya tope.

Vipimo vya picha za setilaiti vilionyesha zaidi ya hekta 17,000 za magugu katika Ziwa Victoria mwaka 1998. Msomaji akizilinganisha na ziwa lote, lenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 68,800, ataona kwamba hata asilimia moja haifiki. Mbona basi kilio kilikuwa kikubwa? Jibu ni kwamba gugu halikai katikati ya ziwa. Upepo hulisukuma hadi kwenye ghuba, bandari na mialo, yaani mahali palepale ambapo mitumbwi hushusha samaki, vivuko hutia nanga na mitambo huvuta maji. Asilimia ndogo ya ziwa ndiyo yenye biashara yote, na gugu huenda hapo hapo. Kisumu na Port Bell zilizibwa, na huko Jinja magugu yaliusumbua mtambo wa umeme wa Owen Falls.

Dawa iliyofaulu zaidi ilikuwa mdudu. Mbawakavu wawili wadogo wa kundi la Neochetina, ambao chakula chao ni gugu hilo, waliachiwa Uganda mwaka 1995, kisha Kenya na Tanzania mwaka 1997. Walilelewa katika mabwawa madogo kando ya ziwa na kusambazwa kwa kushirikisha wavuvi. Hadi mwaka 2000 sehemu kubwa ya magugu ilikuwa imeanguka, ingawa hali ya hewa ya El Nino nayo ilichangia. Lakini kazi haikuisha. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, magugu yalirudi kwa kishindo katika ghuba ya Winam, Kenya. Mdudu hupunguza deni, hafuti.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 ghuba ya Mwanza ilijaa magugu tena, safari hii likitajwa pia gugu jingine liitwalo salvinia, na vivuko vya Kigongo na Busisi vikachelewa. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025 na kuondoa shida hiyo kwa magari. Halikuiondoa kwa mitumbwi, wala kwa mialo na visiwa ambavyo havina daraja.

NAMNA LINAVYOPANDISHA BEI

Gharama ya gugu huingia kwa milango minne. Mlango wa kwanza ni mafuta. Mtumbwi wa injini unaozunguka au kupasua zulia la magugu huchoma petroli nyingi zaidi kwa samaki walewale, na panga la injini hunasa mizizi na kuharibika.

Mlango wa pili ni muda. Samaki mbichi aliyekwama majini kwa saa kadhaa bila barafu hushuka daraja. Sangara aliyestahili kwenda kiwandani huishia kuchomwa au kukaushwa, na bei yake ni nyingine. Dagaa naye akichelewa kufika mchanga au chanja za kuanikia, jua linampita.

Mlango wa tatu ni nyavu. Magugu yanayoelea huzikata, huzisogeza au huzizamisha. Mvuvi aliyekopa ili anunue nyavu huongeza hasara hiyo katika bei anayomdai mnunuzi.

Mlango wa nne ni aina ya samaki. Chini ya zulia la magugu hewa ndani ya maji hupungua. Samaki wanaostahimili hali hiyo, kama kambale na kamongo, huongezeka katika mavuno, wakati wengine huhama. Mnunuzi aliyekwenda na oda ya samaki fulani hukuta samaki mwingine. Zaidi ya hayo, chini ya magugu hujificha konokono wanaobeba kichocho, na siku za kuugua hazimo katika daftari la mtu yeyote.

Hesabu ya mfano itasaidia. Tuseme mfanyabiashara ana mtaji wa shilingi 2,000,000 na kila safari ya Mwanza humpa faida ya asilimia 10, yaani shilingi 200,000. Akifanya safari tatu kwa mwezi anapata shilingi 600,000. Kodi ya kibanda, kijana wa kazi na mahitaji ya nyumbani ni shilingi 250,000. Kinabaki kiasi cha shilingi 350,000.

Sasa magugu yanajaa mwaloni. Mzigo uleule unapanda kwa asilimia 5 tu, yaani shilingi 100,000, na kwa sababu ya kusubiri, safari zinapungua kutoka tatu hadi mbili. Faida ya kila safari inakuwa shilingi 100,000, jumla shilingi 200,000 kwa mwezi. Matumizi ni yaleyale shilingi 250,000. Aliyekuwa na ziada ya shilingi 350,000 sasa ana upungufu wa shilingi 50,000, na anaanza kula mtaji.

Atasema kwamba atapandisha bei Tabora. Ataweza kidogo, si sana, kwani dagaa wa Mwanza sokoni hushindana na dagaa wa Kigoma, maharage na mchicha. Mama mwenye shilingi elfu mbili mkononi halazimiki kula dagaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hongo hulipwa na mchuuzi mwenyewe.

KUFUNGWA KWA TAREHE NA KUFUNGWA BILA TAREHE

Mwaka 2024 wafanyabiashara wa njia ya Kigoma walikutana na kufungwa kwa namna nyingine. Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolitumia ziwa hilo, ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Vyombo vilifungwa nanga na karabai zikazimwa.

Maumivu yalikuwepo, hasa kwa wabeba mizigo na akina mama waanikaji. Lakini kwa upande wa biashara kuna tofauti kubwa. Kufungwa huko kulikuwa na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mwenye fedha aliweza kununua mapema dagaa waliokauka vizuri na kuwahifadhi mahali pakavu, na asiye na fedha aliweza kuhamia kwenye mchele, karanga au asali kwa miezi hiyo. Pia kufungwa huko hulenga kurudisha faida, kwani samaki wanaoachwa wazaliane ni mtaji.

Kufungwa kunakoletwa na gugu hakuna tarehe. Upepo ukigeuka usiku, mwalo uliokuwa wazi jioni hufungwa alfajiri. Hakumuongezi samaki yeyote. Ndiyo maana kwa mfanyabiashara katazo lenye kalenda, hata likiuma, ni nafuu kuliko kizuizi cha kushtukiza.

Ni kweli pia kwamba si kila mgeni wa majini huja na hasara. Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akala aina nyingi za furu hadi zikatoweka, na wakati huohuo akaleta viwanda vya minofu na fedha za kigeni. Lakini hata huyo alionyesha jinsi soko la mgeni lilivyo jembamba. Mwaka 1999 wavuvi wachache walipotumia sumu kuvua, Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wote wa ziwa hilo. Sangara alilipa watu fulani na kuwadai wengine. Gugu maji hudai wote.

IGOMBE NA KAZIMA

Mtu wa Tabora anaweza kusema kwamba hayo ni ya Wasukuma na Waha. Sivyo, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni maji ya kunywa. Tangu mwaka 2021 miji ya Nzega, Igunga na Tabora inapata maji ya Ziwa Victoria kupitia mradi uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 600. Maji hayo huvutwa kwenye chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, na kusafishwa kabla ya kusukumwa kusini. Bomba lenyewe haliwezi kuleta gugu, kwani maji huchujwa na kutiwa dawa. Lakini magugu yakijaa kwenye mdomo wa mtambo wowote wa kuvuta maji, kazi ya kusafisha na kuchuja huongezeka, na gharama hiyo lazima ilipwe na mtu. Ziwa likiugua, bili ya Kitete inaweza kukohoa.

Ya pili ni mabwawa yenyewe. Igombe na Kazima yaliihudumia Tabora kwa miongo mingi kabla ya bomba la Victoria kufika. Mji wenye bomba moja refu unahitaji akiba karibu, na akiba hiyo ni bwawa. Gugu maji likiingia humo, majani yake hunyonya na kutoa hewani maji mengi kuliko yanavyopotea kwenye bwawa lililo wazi. Katika mkoa wenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu kuanzia Mei hadi Oktoba, hiyo ni hasara juu ya hasara.

Halafu maji hayakai. Mto Igombe huelekea magharibi katika mabwawa na majaruba ya asili ya Malagarasi, eneo lililotangazwa mwaka 2000 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Tabora imekaa katikati: hunywa Victoria na humwaga kuelekea Tanganyika. Tone la maji haliwezi kuvuka lenyewe kutoka ziwa moja kwenda jingine. Lori la mfanyabiashara laweza.

Njia ya hatari basi ni biashara yenyewe. Mtumbwi uliotumika Mwanza ukinunuliwa kwa bei rahisi na kupakiwa kwenye lori hadi Igombe, nyavu za mtumba zilizofungwa zikiwa mbichi, ndoo za vifaranga vya samaki kwa ajili ya bwawa la kufugia, au ua zuri lililochukuliwa kupamba dimbwi la hotelini: kila kimojawapo kinatosha. Kipande kidogo cha kikonyo chenye chipukizi ndicho kinachohitajika.

SOMO LA KOME

Nchi nyingine zimelipa ada ya somo hili. Huko Marekani na Kanada mgeni alikuwa kome mdogo mwenye milia kutoka eneo la Bahari Nyeusi na Kaspi, aliyegunduliwa mwaka 1988 katika ziwa St. Clair. Alisafiri ndani ya maji ya kuweka uzito kwenye meli. Kome huyo hujigandisha kwenye mabomba, safu juu ya safu. Mwaka 1989 mji wa Monroe, jimbo la Michigan, ulikosa maji baada ya kome kuziba mahali pa kuvutia maji.

Mwaka 2007 jamaa yake, kome wa kwaga, alikutwa ziwa Mead huko magharibi ya Marekani, na inaaminika alibebwa na boti iliyovutwa kwa gari barabarani. Oktoba 2024 kome mwingine, wa rangi ya dhahabu na asili ya Asia, aligunduliwa California. Wasimamizi wa mabwawa kadhaa huko walianza kukagua boti, kuziweka karantini ya siku kadhaa au kuzizuia kabisa. Wauza boti, wenye hoteli za kando ya maji na wauza chambo walilalamika kwa haki, kwani mapato yao yalikatwa. Wenye mabwawa walijibu kwa hesabu: boti zikizuiwa msimu mmoja, hasara ina mwisho, kome akishaingia bombani, gharama ya kumkwangua haina mwisho.

Kwa upande mmoja Tabora ina nafuu. Mtoto wa kome haonekani kwa macho, hivyo boti safi inaweza kuwa imembeba katika maji yaliyobaki chini ya sakafu yake. Gugu maji huonekana. Mkaguzi wake hahitaji darubini. Anahitaji macho na dakika kumi.

JE, GUGU NI MTAJI?

Kila magugu yanapojaa, husikika habari za kuyageuza mali: vikapu, samani, mbolea, mkaa, gesi ya kupikia. Mwekezaji mdogo asikimbilie kabla ya kupiga hesabu.

Hekta moja ya gugu lililoshonana huweza kuwa na uzito wa tani 200 na zaidi. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito huo ni maji. Kwa lori la tani 10, hekta moja ni safari 20, na mwisho wake mwenye lori ana chini ya tani 20 za mali kavu. Amelipia mafuta kusafirisha maji. Kwa hiyo biashara yoyote ya gugu lazima ikaushe palepale ufukweni na kuuza kitu chenye thamani kwa kila kilo. Kikapu kilichosukwa vizuri kinaweza kulipa. Kuni na mbolea kwa mnunuzi wa mbali ni vigumu.

Lipo na tatizo la pili. Msukaji huhitaji mabua marefu ya kuchagua, machache kwa siku, wakati gugu huongezeka kwa hekta. Vikapu vitampa mama wa ufukweni kipato cha halali, ila havitafungua mwalo. Na anayebeba gugu bichi kwenda mji mwingine kwa ajili ya mradi ndiye anayelipanda huko.

LA KUFANYA

Kwa mnunuzi wa dagaa na samaki, jambo la kwanza ni kupiga simu mwaloni kabla ya safari na kuuliza maswali mawili badala ya moja: bei ni ngapi, na maji yako wazi? La pili ni kutotegemea mwalo mmoja wala ziwa moja. Mwenye mwenyeji Mwanza na mwingine Kigoma hulala vizuri zaidi, mradi akumbuke kwamba Tanganyika nako kuna vipindi vya kufungwa. La tatu ni kuweka ghala dogo pakavu. Dagaa aliyekauka sawasawa humpa mwenye nacho nafasi ya kusubiri upepo ugeuke.

Kwa anayetaka kununua mtumbwi, injini au nyavu kutoka Ziwa Victoria kwa ajili ya maji ya Tabora, kanuni ni safisha, mwaga, kausha. Atoe kila jani na tope kabla ya kupakia, amwage maji yote hukohuko, kisha aache vyombo juani hadi vikauke kabisa. Siku chache za kusubiri ni sehemu ya bei ya mtumbwi. Na kabla ya kulipa, aulize kwanza kama uvuvi unaruhusiwa anakokwenda. Mto Ugalla, kwa mfano, ambao wavuvi wengi wa Tabora waliuzoea, sehemu yake kubwa iko ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2019, na mtaji uliowekwa kwenye vyombo vya kuvulia humo umekufa.

Kwa wakazi wa kando ya Igombe na Kazima, jani geni lenye ua la zambarau ling'olewe siku hiyohiyo, lianikwe mbali na maji na kuchomwa, kisha taarifa ifike kwa mamlaka ya maji na ofisi ya uvuvi. Mimea kumi ni kazi ya mtu mmoja kwa asubuhi moja. Ikiachwa hadi msimu wa mvua upite, itakuwa kazi ya mkoa mzima, na gharama yake itapitia bili ya maji na kiroba cha dagaa hadi mezani kwa mlaji.